Nikifika kileleni nakuta ukungu mtupu: nakosea wapi?

Swali: "Niko masomoni katika nchi yenye majira manne, na hii ni baridi yangu ya pili huku. Nje kidogo ya mji kuna mashamba na vilima, na kila mtu husifia mandhari ya huko juu. Nimepanda mara kadhaa tangu baridi ianze, lakini nikifika kileleni nakuta ukungu mtupu, sioni hata mti ulio mbele yangu. Siku nachagua kwa makini: asubuhi nikikuta ukungu umetanda mtaani naahirisha, naenda siku ambayo mji unaonekana vizuri. Januari baba yangu anakuja kunitembelea. Ana miaka 66, ni mtu wa kutembea sana ila hajawahi kukaa kwenye baridi, na ningependa sana aione nchi kutoka juu. Nakosea wapi, na yeye nimwandae vipi?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa kupanda bure, na hongera kwa kutokata tamaa. Kosa lako ni moja na linarekebishika: siku unazoahirisha ndizo za kupanda, na siku unazopanda nyingi zilikuwa za kukaa nyumbani. Kazi yangu ni kuongoza watu vilimani majira ya baridi, na kila kundi huliambia jambo hilihili kabla halijafunga kamba za buti: mandhari huamuliwa na siku na saa uliyochagua, kilima chenyewe ni jambo la pili. Kilima kifupi katika siku yake kinakupa zaidi kuliko mlima mrefu uliopandwa ovyo.

Ukungu unaokutana nao una asili mbili, na mmojawapo ni rafiki yako.

Ukungu wa kwanza huzaliwa bondeni. Usiku wa baridi usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Hewa inayoigusa nayo hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, huteremka polepole kufuata miteremko na kujaa mabondeni kama maji yanavyojaa beseni. Sasa, hewa baridi haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi sifuri hubeba chini ya gramu 5. Mvuke unaozidi lazima utoke, nao hutoka kama umande, kama sakitu (ile barafu nyembamba nyeupe) juu ya nyasi, au kama ukungu. Miji mingi imejengwa mabondeni, kando ya mito, kwa hiyo wewe ukifungua pazia asubuhi unajikuta uko chini kabisa ya beseni hilo.

Kwa kawaida hewa hupoa kadiri unavyopanda, wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1000. Katika asubuhi ya namna hii mpangilio hupinduka: chini kuna baridi kali, juu kuna hewa yenye joto zaidi, kavu na safi. Hewa ile ya joto hukaa juu ya ile ya baridi na kuizuia isipande, na ukungu nao hubanwa humohumo. Mara nyingi unene wake si mkubwa, pengine mita mia moja au mia mbili hivi. Mtu aliyeko kwenye kilima kinachozidi kimo hicho anasimama juani, anga la bluu utosini, na chini yake mabonde yote yamefunikwa na weupe uliotulia, huku vilele vya vilima vingine vikichomoza hapa na pale. Asubuhi hiyohiyo wewe ulikuwa mtaani, ukaona ukungu, ukarudi kulala.

Ukungu wa pili ni ule unaokukuta juu, na huo kwa hakika ni wingu. Upepo wenye unyevu ukikutana na kilima hauna pa kupita ila kupanda. Ukipanda hupoa, ukipoa hutoa wingu, na wingu hilo hukaa palepale kileleni hata kama upepo unavuma siku nzima, kwa sababu hewa mpya haikomi kuja kulilisha. Mjini kunaonekana vizuri kwa kuwa mji uko chini ya wingu. Hiyo ndiyo siku uliyokuwa ukiichagua.

Kuna hesabu moja rahisi unayoweza kuifanya ukiwa bado kitandani. Taarifa nyingi za hali ya hewa hutaja joto la hewa na pia joto la umande, yaani kiwango ambacho hewa hiyo ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka matone. Toa la pili kutoka la kwanza, zidisha jibu kwa 125, nawe utapata kwa makadirio kimo cha kitako cha wingu kwa mita juu ya mahali ulipo. Tuseme joto ni nyuzi 7 na la umande ni nyuzi 5. Tofauti ni 2, mara 125 ni mita 250. Kama kilima chako kinapanda mita 400 juu ya mji, basi mita 150 za juu kabisa zimo ndani ya wingu. Ahirisha. Tofauti ikiwa nyuzi 5 au 6, wingu litakuwa mita 600 au zaidi juu yako, na kilele kitakuwa wazi. Hesabu hii hufaa siku ya upepo na mawingu. Usiitumie siku ya ukungu wa bondeni, maana hapo tofauti ni sifuri na ungeambiwa ubaki nyumbani bure.

Utatofautishaje hizo mbili asubuhi? Toka nje usimame dakika moja bila haraka. Kwanza upepo: ukungu wa bondeni hauvumilii upepo, kwa hiyo majani makavu yakiwa yametulia kabisa chini, hiyo ni dalili njema. Kisha tafuta bomba la moshi juu ya paa la nyumba yoyote. Moshi ukipanda kidogo, ukasita, halafu ukalala na kutandaa ubapa, umekuonyesha kwa macho mpaka kati ya hewa baridi ya chini na hewa ya joto ya juu. Moshi ukipasuliwa na upepo na kupotea, hakuna mpaka wowote. Tazama vioo vya magari na nyasi: sakitu nene maana yake usiku ulikuwa mweupe, nyota zilikuwa zinaonekana. Halafu inua uso utazame juu moja kwa moja. Ukungu mwembamba wa bondeni huwa mng'avu utosini kuliko pembeni, wakati mwingine hata ubluu hafifu unapenya. Kukiwa na manyunyu yanayolowesha uso, au kijivu kilekile kila upande, hilo ni wingu nene na halina haja nawe leo.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni ya vipimajoto. Tafuta kituo cha hali ya hewa kilichoko bondeni na kingine kilichoko mlimani katika eneo lako, linganisha joto la saa hiyo. Cha juu kikizidi cha chini, vaa buti uondoke. Mgandamizo wa hewa nao husaidia: kawaida yake usawa wa bahari ni hektopaskali 1013, na ukiona 1030 au zaidi ujue pepo zimelala na huenda hali hiyo ikadumu siku kadhaa.

Si dhamana, nakwambia mapema. Kuna siku tabaka la ukungu ni nene kuliko kilima. Ndiyo maana kati ya vilima vyako viwili vitatu, siku ya ukungu chagua kirefu kuliko vyote. Ukiwa unapanda ndani ya ukungu, angalia rangi yake. Kijivu kinapoanza kugeuka cheupe, na cheupe kikaanza kuumiza macho, umebakiza hatua chache kutokeza. Watu wengi hugeuka nyuma hapohapo kwa kudhani ukungu unazidi. Vumilia kidogo.

Tena usihangaike kuondoka alfajiri. Majira ya baridi jua ni dhaifu, halina nguvu ya kuutawanya ukungu haraka kama linavyofanya majira mengine. Mara nyingi hubaki mpaka adhuhuri, na siku nyingine haliuondoi kabisa. Kwa mzee wako hiyo ni nafuu kubwa: mnakunywa chai kwa utulivu, mnaondoka mwanga ukiwa umekamilika.

Ipo siku nzuri ya aina nyingine, ya kuona mbali. Mvua imenyesha usiku kucha, kisha hewa baridi kutoka upande wa ncha ya dunia ikaja kuisukuma ile yenye unyevu. Unaamka upepo umegeuka, joto limeshuka, anga limekuwa la bluu kali na mawingu yametengana. Mvua imeosha vumbi na moshi uliokuwa hewani, na hewa mpya ni kavu. Ukavu huo ni muhimu, kwa sababu chembe za vumbi na moshi hunyonya unyevu na kuvimba, na chembe zilizovimba ndizo zinazoufanya upeo wa macho uonekane kama umefutwa. Siku hiyo utahesabu paa moja moja katika kijiji ambacho wiki nzima hukujua kama kipo.

Utaona umbali gani? Chukua kimo cha kilele kwa mita juu ya tambarare inayokizunguka, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, jibu ni umbali wa upeo wa macho kwa kilomita. Kilele cha mita 100 kinakupa kilomita 36 hivi, cha mita 400 kinakupa 71. Angalia hapo: kimo kimezidi mara nne, umbali umezidi mara mbili tu. Kwa hiyo usimchoshe mzee kwa kutafuta kilima kirefu mno, maana faida ya kimo hupungua haraka. Vilima vilivyoko mbali zaidi ya upeo huo navyo vinaweza kuonekana, kwa kuwa navyo vimeinuka. Na katika siku za mpinduko wa joto, miale ya mwanga hupinda kidogo kuelekea ardhini, kiasi kwamba vitu vilivyo nyuma ya upeo huchomoza kana kwamba vimenyanyuliwa.

Ubaya wa siku ya kwanza baada ya mvua ni upepo. Mimi, kwa ajili ya baba, ningesubiri siku ya pili: upepo umeshatulia, hewa bado safi. Usingoje sana lakini. Utulivu ukidumu siku nne au tano, moshi wa mji hunaswa chini ya ile hewa ya joto, na kutoka juu utaona tu ukanda wa rangi ya kahawia umelala juu ya nyumba.

Sasa nikueleze kwa nini nazipenda safari za baridi kuliko za kiangazi, maana hukuliuliza hili lakini litakusaidia kumwonyesha baba mambo. Jua la baridi halipandi juu. London, tarehe 21 Disemba, saa sita za mchana jua huwa digrii 15 tu juu ya upeo wa macho. Mwezi Juni hufika digrii 62. Jua likiwa chini hivyo, kila kinachonyanyuka hata kwa kiganja kimoja hutupa kivuli. Simama ambapo jua linakupiga ubavuni na utazame malisho yaliyo chini yako. Utaona mistari sambamba inayopita mashambani: matuta ya kulimia ya watu wa zamani, yaliyofunikwa na nyasi kwa mamia ya miaka. Utaona pembe nne za nyumba ambayo haipo tena. Utaona njia iliyokuwa ikienda kisimani. Wanaakiolojia hurusha ndege majira haya kwa sababu hiyohiyo, kwani saa sita za mchana wa Juni hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana. Miti nayo imepukutisha majani, kwa hiyo njia ambayo kiangazi inapita gizani sasa inakuonyesha bonde zima kupitia matawi.

Ukilipa jua mgongo utapata rangi na undani wa vitu. Ukiligeukia, vilima vitajipanga safu nyuma ya safu, kila safu ikiwa hafifu kuliko iliyoitangulia, kwa kuwa hewa iliyo katikati hutawanya mwanga, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo inavyoufunika mlima ulio nyuma yake. Msiondoke kileleni bila kutazama pande zote mbili.

Na ikitokea mko juu ya ukungu, jua likiwa chini nyuma yenu, msogee mahali ambapo mwinuko unashuka kuelekea kwenye ukungu wenyewe na mtazame vivuli vyenu. Huenda mkaona kivuli kirefu cha mtu kimesimama ndani ya ukungu, kichwa chake kikizungukwa na pete za rangi, nyekundu ikiwa upande wa nje. Johann Silberschlag alikieleza kioja hicho mwaka 1780 kutokana na mlima Brocken wa Ujerumani, wenye mita 1141, na jina la mlima huo limebaki nacho mpaka leo. Pete hufanywa na matone madogo yanayorudisha mwanga kuelekea ulikotoka, ndiyo maana kila mtu huziona kuzunguka kichwa chake tu na si cha jirani yake. Muulize baba anaziona kichwani kwa nani. Atasema kwake, nawe utasema kwako, na wote wawili mtakuwa sahihi. Mskoti Charles Wilson aliziona pete za namna hii alipokuwa kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis wa Uskoti mwaka 1894, akaenda kujaribu kutengeneza mawingu maabara. Kazi hiyo ilizaa chumba cha mawingu, chombo kilichowawezesha wanafizikia kuona njia za chembe ndogo kuliko atomu, na mwaka 1927 ikampa Tuzo ya Nobel.

Turudi kwenye saa. Majira ya baridi safari hupangwa kutoka mwisho kuja mwanzo, yaani unaanza na kuzama kwa jua. London siku hiyo ya 21 Disemba jua huchomoza saa mbili na dakika chache asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Saa za mwanga wa mchana hazifiki nane. Ukienda kaskazini zaidi zinapungua tena. Tafuta saa za eneo lako, kisha tumia kanuni aliyoiweka mpanda milima William Naismith mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya leo ni saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita 10 yenye mita 400 za kupanda ni saa mbili na dakika 40. Hiyo ni kwa mtu mkakamavu, njia kavu, bila kusimama. Kwa matope, barafu na mgeni wa baridi, mimi huongeza nusu yake: inakuwa saa nne. Weka nusu saa ya kukaa juu. Panga kuwa barabarani saa nzima kabla ya jua kuzama. Kwa mfano wa London basi, unatakiwa uwe umeanza kutembea kufikia saa nne na robo asubuhi. Ukichelewa mpaka saa sita, badilisha kilima, chagua kifupi.

Kuhusu mavazi, adui yake mkubwa atakuwa jasho. Mtu aliyetoka nchi ya joto huogopa baridi mlangoni, akajifungashia kila alichonacho, na robo saa baadaye shati la ndani limelowa. Maji hupitisha joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo akisimama kileleni, shati lile ndilo litakalomwadhibu. Mvalishe nguo ya ndani ya sufu au ya nyuzi zinazokauka haraka, si pamba. Juu yake sweta, juu kabisa koti jepesi linalozuia upepo na mvua. Aanze safari akihisi ubaridi kidogo. Mkifika mwinuko wa kwanza, simameni avue sweta kabla hajatoka jasho, hata kama atasema yuko sawa. Na mkifika juu, jambo la kwanza, kabla ya picha na kabla ya kukaa, avae koti nene lililokuwa kavu begini. Beba kipande cha godoro jembamba cha kukalia. Jiwe la Januari hunyonya joto haraka sana. Kofia ya kufunika masikio, glavu, na jozi ya pili ya glavu, maana ya kwanza italowa.

Upepo nao uuheshimu. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walipima katika bara la Antaktika jinsi maji yanavyoganda haraka zaidi upepo ukizidi, wakachapisha matokeo mwaka 1945, na tangu hapo vipimo hivyo vimeboreshwa. Kwa kanuni inayotumika siku hizi, hewa ya nyuzi 5 na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa na ngozi kama nyuzi sifuri. Hewa ya nyuzi sifuri na upepo huohuo huhisiwa kama hasi 6. Kilele karibu daima kina upepo kuliko bonde. Shuka hatua ishirini upande usiovuma, mkae hapo: mandhari ni ileile, na atafurahia muda mrefu zaidi.

Umri wake si kikwazo, ila zingatia mambo mawili. Mwili uliozeeka huchelewa kutambua baridi na kutetemeka kwake hupungua, kwa hiyo usisubiri aseme. Mtazame. Akianza kukosea hatua, ulimi ukawa mzito, vidole vikashindwa kufunga zipu, au akanyamaza ghafla wakati ni mtu wa mazungumzo, joto la mwili wake linaelekea kushuka chini ya nyuzi 35 na hilo ni jambo la hatari: mkinge na upepo, mvue kilicholowa, mvishe kikavu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari, mshuke. Asipojiweza, omba msaada mara moja. La pili, baridi hupandisha shinikizo la damu, na hewa baridi huamsha pumu. Kama ana lolote kati ya hayo, au anatumia dawa za moyo, amwone daktari wake kabla hajasafiri. Mpe pia siku kadhaa za kuzoea, mtembee mtaani kwanza.

Miguuni, buti zenye meno. Asubuhi tope lililoganda ni gumu na hutembeka vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Ikifika mchana mteremko unaopigwa na jua huyeyuka na kuwa utelezi. Kaskazini mwa ikweta jua liko upande wa kusini, hivyo mteremko unaotazama kaskazini hubaki na barafu kutwa. Kusini mwa ikweta, ambako baridi ni Juni hadi Agosti, ni kinyume chake. Pandeni upande wenye kivuli ukiwa umeganda, mteremke upande mwingine kama njia inaruhusu, maana kushuka ndiko kunakoangusha watu. Fimbo mbili za kutembelea zitamsaidia sana magoti. Kukiwa na barafu njiani, kuna vyuma vyenye meno mafupi vya kuvalisha juu ya buti, na bila hivyo rudini. Na kama kuna theluji, msisogee ukingoni kutafuta mandhari: upepo hujenga ukingo wa theluji unaoning'inia hewani, na anayesimama juu yake hajui kwamba chini hakuna ardhi.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa kuwa betri hufa haraka kwenye baridi. Beba ramani ya karatasi, tochi ya kichwani kila mtu yake, na filimbi. Ishara ya kuomba msaada milimani ni miito sita ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Anayejibu hutoa mitatu. Mfundishe baba kabla hamjaondoka, na mwachie mtu mwingine njia mtakayopita na saa mtakayorudi.

Mwisho, kubaliana naye nyumbani saa ya kugeuka. Si mahali, ni saa. Mkisema "tutageuka saa saba kasoro robo popote tutakapokuwa", hakuna atakayeona haya kurudi, wala wewe hutalazimika kumwambia mzazi wako kwamba amechoka. Kama mko nusu ya kilima saa hiyo, geukeni mshuke, na mwangalie siku nyingine yenye mgandamizo mkubwa kabla hajarudi nyumbani. Yuko nawe mwezi mzima wa Januari? Basi usimpangie tarehe. Mwambie tu buti na begi viwe tayari mlangoni, na kila jioni mtazame pamoja taarifa za hali ya hewa.